Soksi Haina Miguu

Mashine iligoma Jumanne, saa nne asubuhi,
maji yamefika nusu ya kioo cha mlango,
mashuka ya gesti yamelala ndani, kimya.
Nikaipiga kofi ubavuni. Nikazima, nikawasha.
Ikaguna mara mbili kama mtoto anayekataa dawa,
basi.
Nje, Kiboriloni imechangamka, mitumba inamwagwa juu ya maturubai,
na mimi nina mizigo ya watu tisa
na jua la Julai, lile la kuchungulia tu.

Fundi Anaeli alikuja na bisibisi, akaomba beseni.
Hakugusa swichi. Alipiga magoti
akafungua kile kimlango cha chini, pembeni,
ambacho miaka miwili nilikuwa nakifuta vumbi
nikidhani ni urembo.

Maji yakatoka meusi, yananuka mtaro.
Kisha vikaanza kujitokeza, kimoja kimoja, kama mashahidi:
sarafu ya mia mbili,
vibanio vitatu vya nywele,
waya wa sidiria uliojikunja kama alama ya kuuliza,
kifungo cha shati la shule,
kokoto nyeusi. Hiyo ya Godlizen, mpagazi,
hupanda na mizigo ya wageni
hushuka na mlima mfukoni.
Nilicheka.

Halafu akaingiza vidole viwili, akavuta polepole,
kama mkunga.
Soksi. Ya njano. Haizidi kidole gumba changu.
Ilikuwa imejiviringisha kwenye feni ya pampu.
"Kumbe hiki ndicho kimekukaba koo,"
akaiambia mashine, si mimi.

Soksi hiyo naijua.
Ya mjukuu wa Mama Nsia wa Rau,
ilipotea wiki ya Pasaka.
Mama alisimama hapo mlangoni
ameining'iniza pacha yake, akasema: ziliingia mbili.
Nami nikamgeukia Namsifu,
binti wa Same, vidole vimechubuka kwa sabuni.
"Niliziweka mbili, dada."
Nikamjibu, tena kwa sauti, wateja wasikie:
soksi haina miguu.
Watu wakacheka.
Nikamkata elfu tatu kwenye mshahara.
Mwisho wa mwezi akafunga begi lake, akaaga vizuri.
Hilo ndilo linaloniuma. Aliaga vizuri.

Anaeli alisugua chujio kwa mswaki uliochakaa.
"Blanketi halijifichi," alisema.
"Kidogo ndicho kinapenya hapa, kwenye fizi za mpira,
kinakwenda kukaa gizani.
Vidogo vifunge pamoja. Mifuko igeuze.
Hapa fungua kila Jumamosi.
Elfu kumi na tano."

Jioni nilimwaga vitunguu sakafuni,
nikachukua neti yake nyekundu
nikaifua mara mbili isinuke.
Sasa soksi za watoto, leso, kamba za aproni
zinaingia humo, nafunga kwa kamba ya kiatu,
zinazunguka na mashuka, zinachungulia matunduni
kama kuku kwenye tenga.
Na mifuko naitoa ulimi nje, yote,
hata ya kanzu ya mchungaji.
Hasa ya mchungaji.

Jana usiku nilimtumia Namsifu elfu tatu kwa simu,
nikaongeza na ya kutolea.
Nikaandika: Imeonekana. Ilikuwa kwenye pampu.
Nikafuta. Nikaandika: Nisamehe.
Nikafuta. Nikarudisha ile ya kwanza,
na chini yake, ile ya pili.

Alfajiri, jibu:
Niliziweka mbili, dada.

Soksi nimeianika peke yake,
kibanio kilichoishika ni kikubwa kuliko yenyewe.
Ikikauka naipeleka Rau, kwa miguu.
Mtoto ameshakua, haitamwingia.
Naipeleka hivyo hivyo.